Muulize Shangazi: Kabla ya kupanda meli ya Athene, hesabu saa za nchi kavu

Barua za safari zimekuwa nyingi tangu niandike kuhusu wastaafu wanaotamani kuona bahari. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu maswali yake yamo pia kwenye barua nyingine nilizoziacha.

Hujambo Shangazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Walukuba hapa Jinja. Watoto wangu, wawili wako Boston na mmoja yuko Kampala, wamefanya kikao cha WhatsApp bila kunishirikisha, wakaamua kutulipia mimi na baba yao safari ya meli ndogo kutoka Athene hadi Istanbul. Wanaiita safari ya utamaduni. Mimi sijui kuogelea. Baba yao ana goti linalomsumbua kila mvua ikikaribia, na anasema pesa hizo afadhali zimalizie ukuta wa kiwanja. Moyo wangu unataka, maana nimesikia meli inapita Efeso na Patmo, na majina hayo nimeyafundisha shule ya Jumapili miaka yote nikiyaonyesha kwenye ramani ya nyuma ya Biblia. Ila naogopa tutafungiwa ndani na watu wanaocheza kamari na kunywa usiku kucha. Na hiyo viza tutaanzia wapi? – Mwalimu, Jinja

Mwalimu, nendeni. Nimetanguliza jibu ili baba watoto asije akasema hakulisikia. Ukuta mtaujenga hata mwakani, lakini goti halingoji.

Kuhusu kamari, ondoa hofu. Yale majumba yanayoelea mnayoyaona kwenye televisheni hubeba abiria 3,000 na zaidi, na huko kasino ipo. Meli ndogo za safari za utamaduni hubeba watu 100 au 200, nyingine hata 50. Humo utakuta chumba kimoja cha kulia, maktaba ndogo, na jioni kabla ya chakula anasimama mhadhiri, mara nyingi mwanahistoria au mtaalamu wa magofu, kueleza mtakachokiona kesho yake. Mimi na mdogo wangu tulisafiri njia hiyo nilipoacha kazi ya kukata tiketi pale Kampala Road, na kelele kubwa kuliko zote nilizozisikia usiku ni za mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa anabishana na mhadhiri kuhusu vita vya Troya. Walibishana mpaka wahudumu wakaanza kukunja vitambaa vya meza.

Sasa jambo lenyewe. Niliuza tiketi muda mrefu na najua watu wanavyochagua meli: wanatazama picha ya kitanda. Halafu wanahesabu nyota. Watoto wako nao bila shaka wamekutumia picha za kitanda. Ziache. Omba ratiba kamili, chukua ile kalamu yako nyekundu ya kusahihishia, na kando ya kila bandari andika mambo matatu: meli inafika saa ngapi, inaondoka saa ngapi, na je, inafunga gatini au mnashushwa kwa boti. Kisha jumlisha saa za nchi kavu. Bandari mnayokaa kwa muda wa saa nne ni kituo cha teksi tu. Unashuka, unanunua soda, unaitwa kurudi. Mkipewa meli mbili, moja ina vyumba vya kifahari na saa chache bandarini, nyingine ina vyumba vya kawaida lakini inalala gatini mpaka usiku, chukueni ya pili bila kufikiri.

Faida ya meli ndogo iko hapo hapo. Inaingia mahali ambapo kubwa haifiki. Nafplio, Monemvasia, Symi, Skala ya Patmo: ni bandari za miji midogo, na ukifunga gatini unashuka kwa miguu yako, unakunywa kahawa, unarudi kuchukua sweta, unashuka tena. Meli kubwa mara nyingi hutia nanga nje, na watu wake wanasubiri zamu za boti.

Efeso nitaikalia kidogo, kwa sababu najua ndiyo inayokuita. Meli zinafunga Kuşadası, upande wa Uturuki, na magofu yako mwendo mfupi wa basi kutoka pale. Uliza kama meli inalala Kuşadası usiku wa kuamkia siku hiyo. Ikilala, mtakuwa langoni asubuhi geti likifunguliwa, kabla mabasi ya meli kubwa hayajashusha watu. Na uliza kama mnaingilia geti la juu. Barabara ya marumaru inateremka kutoka huko hadi ukumbi mkubwa wa michezo, kwa hiyo mzee atatembea akishuka, hatapanda. Lakini mwambie marumaru hiyo imesuguliwa na nyayo za karne nyingi, inateleza hata ikiwa kavu. Viatu vya soli ya mpira, na fimbo. Sio vile viatu vyake vya kanisani.

Katikati ya mteremko utaiona maktaba ya Celsus, ya karne ya 2, ambayo sura yake ya mbele iliinuliwa upya jiwe kwa jiwe miaka ya 1970. Watu wote hupiga picha hapo. Piga na wewe, halafu endelea mpaka ukumbi wa michezo. Ule ukumbi unakadiriwa kuchukua watu 25,000, na ndio ule wa Matendo ya Mitume sura ya 19, ambamo Demetrio fundi wa fedha na wenzake waliona mahubiri ya Paulo yanawaharibia biashara ya vihekalu vya Artemi, mji ukachafuka, na watu wakapiga kelele humo kwa muda wa saa mbili. Mimi niliisoma habari hiyo tangu utotoni nikidhani ni ugomvi wa dini. Ukikaa kwenye ngazi zile za mawe unaelewa kwamba ulikuwa pia ugomvi wa soko. Kisha tazama mbele yako. Kuna barabara pana iliyonyooka inayotoka ukumbini kwenda bandarini, na mwisho wake hakuna bandari. Nilimuuliza mwongozaji bahari iko wapi, akanyoosha kidole kuelekea mashamba na matete. Mto uliendelea kushusha udongo karne kwa karne mpaka bahari ikasukumwa kilomita kadhaa, na mji uliokuwa unaishi kwa meli ukafa. Sisi tunaokaa kando ya Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, na kuona magugu yanavyofunga vigati tunaweza kulitafakari hilo bila kuhitaji mhadhiri.

Patmo ni kisiwa kidogo, mji wa bandari unaitwa Skala, na juu mlimani kuna Chora yenye monasteri ya Mtakatifu Yohana, iliyoanzishwa mwaka 1088. Pango la Ufunuo liko katikati ya njia. Basi linapanda mpaka karibu, lakini pangoni kwenyewe unateremka ngazi, na mlichoteremka mtakipanda tena. Mzee ashuke taratibu akishika ukuta. Ndani ni padogo, giza la mishumaa, na watu wanasali kweli, kwa hiyo simu mfukoni.

Kuna kisiwa kingine, Delos, ambacho kijitabu cha kampuni kitakisifia kama mahali alipozaliwa mungu Apolo wa Wagiriki. Kweli ni pa ajabu. Mwaka 426 kabla ya Kristo Waathene walifukua makaburi yote wakayaondoa, wakapiga marufuku mtu kuzaliwa au kufia pale, na hata leo wageni hawaruhusiwi kulala. Wataonyeshwa simba wa mawe (walioko nje ni nakala, wenyewe wamehifadhiwa makumbusho). Lakini Warumi walipoifanya Delos bandari huru isiyotoza ushuru, mwaka 166 kabla ya Kristo, ilikua kuwa soko kubwa la watumwa, na Strabo, mwanajiografia wa zamani, aliandika kwamba iliweza kupokea na kusafirisha watumwa 10,000 kwa siku moja. Mwongozaji wetu alilipita hilo kwa sentensi moja akaenda kwenye picha za vigae sakafuni. Nikamrudisha. Nilimwambia, dada, mimi natoka Afrika Mashariki, hebu nieleze watu hao walitoka wapi. Akaeleza vizuri, kumbe alikuwa anajua: mateka wa vita, watu waliotekwa na maharamia, kutoka Asia Ndogo na Siria na kwingineko. Kikundi kizima kikanyamaza kikasikiliza. Ndiyo faida nyingine ya kundi dogo, unaweza kuuliza na ukajibiwa. Usione haya kuuliza, Mwalimu. Wewe umezoea kuulizwa.

Santorini watawapeleka, maana bila Santorini hawauzi. Ni pazuri na pamejaa. Kutoka bandari ya zamani kupanda mjini kuna njia tatu: gari la waya, punda, au ngazi karibu 600. Ninyi ni gari la waya. Punda muwaache, wanateseka na jua, na goti la mzee halitapenda tandiko. Tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza abiria wa meli ushuru kwa kila kisiwa wanachoshuka. Msimu wa joto Santorini na Mykonos ni euro 20 kwa kichwa, kwingine ni ndogo zaidi. Ulizeni kama tayari imo kwenye bei.

Kama watoto wana moyo, wawaongezee siku moja Athene kabla ya meli kuondoka. Wengi wataitumia Akropolisi, nanyi mtaiona tu, lakini ninyi wawili ningewatuma Korintho, kiasi cha kilomita 80 kwa basi. Paulo alikaa huko mwaka mmoja na nusu akishona mahema na Akila na Prisila. Njiani kuna daraja juu ya mfereji wa Korintho, uliofunguliwa mwaka 1893. Una urefu wa kilomita 6 na kidogo, na upana wake ni kama mita 24 tu, kuta za mawe zimesimama wima pande zote. Mfalme Nero alijaribu kuuchimba kwa nguvu za wafungwa maelfu, akashindwa. Meli kubwa za leo hazipiti humo kabisa, ndogo hupita. Ila kuta zimekuwa zikiporomoka tangu 2021 na mfereji hufungwa mara kwa mara, kwa hiyo kampuni ikiwaahidi kupita, iwaambie kama msimu huo uko wazi. Kutoka darajani unauona vizuri bila kumlipa mtu.

Kuogelea hakuhitajiki. Sheria za kimataifa za usalama wa meli zinadai abiria wote wafanye zoezi la dharura kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka. Mtavalishwa jaketi la kuokolea, mtaonyeshwa pa kukusanyika, hapo hapo umekwisha kujua zaidi ya wengi wanaovuka ziwa letu kila siku. Hofu ya mawimbi ni kitu kingine. Ijaribuni hapa nyumbani: pandeni feri ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo hadi Lutoboka, mlale visiwani Ssese, mrudi. Tumbo likitulia huko, mna uhakika nusu. Nusu nyingine ni majira. Julai na Agosti Bahari ya Aegea ina upepo mkali wa kaskazini unaoitwa meltemi, na meli ndogo huuhisi kuliko kubwa, siwafichi. Chagueni Mei, mwanzo wa Juni, au mwisho wa Septemba kuendelea. Chumba kiwe cha chini na katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo. Bahati nzuri ndivyo vya bei nafuu. Vidonge vya kichefuchefu mzee amuulize daktari wake kwanza, hasa kama anameza vya presha.

Viza sasa. Hapa ndipo watu wanapoumia, na sababu ni meli yenyewe. Chukua njia yenu: Athene, visiwa, Kuşadası, kisha Patmo, kisha Istanbul. Kuşadası ni Uturuki na Patmo ni Ugiriki. Yaani mnaingia eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mnatoka, mnaingia tena. Viza ya kuingia mara moja inakufa siku mnayogonga muhuri Kuşadası, na meli itaenda Patmo ninyi mkiwa mmezuiwa ndani. Kwenye fomu ombeni viza ya kuingia mara nyingi, na ambatanisheni ratiba ya meli ili ofisa aone sababu kwa macho yake. Uturuki nayo mnaingia mara mbili, Kuşadası na Istanbul, kwa hiyo viza yake, ambayo ni ya peke yake kabisa, ulizeni idadi ya kuingia vile vile. Ubalozi wa Uturuki uko Kampala. Ugiriki haina ubalozi wake Kampala, kwa hiyo mtoto aliyeko Kampala aulize mapema fomu na alama za vidole zinapokelewa wapi, asije akasikia habari hiyo mwezi wa mwisho. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Pasipoti iwe na miezi 3 zaidi baada ya siku ya kutoka Schengen.

Watoto wa Boston waandike barua ya kuwagharamia, waonyeshe mshahara wao. Lakini msitegemee hilo peke yake. Ofisa anataka kujua mtarudi. Wekeni karatasi za pensheni, hati ya kiwanja (ukuta usioisha nao una kazi yake), cheti cha ndoa. Na mwambie mtoto asilipe meli fedha yote kabla ya kusoma masharti ya kurudishiwa fedha viza ikikataliwa.

Masharti hayo hayo yana kifungu kinachosema nahodha anaweza kubadilisha bandari kwa ajili ya upepo au usalama, bila fidia. Kipo kwa kampuni zote. Ndiyo maana ratiba yenye bandari nyingi nzuri ni bora kuliko ile inayotegemea moja tu. Waulize pia bei inabeba nini: matembezi ya nchi kavu, bakshishi za wahudumu, maji na vinywaji. Meli mbili za bei moja zinaweza kutofautiana sana hapo.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae ndani ya pasipoti. Ndege ya Turkish inatoka Entebbe kwenda Istanbul, na kwa kuwa safari yenu inaishia hapo hapo, kurudi ni rahisi. Chakula mtakizoea: samaki, kondoo, mboga kwenye mafuta ya zeituni, mikate mizuri sana. Matoke hakuna. Nyama na maziwa kutoka nyumbani ni marufuku kuingiza Ulaya. Samaki wakavu wa kula mwenyewe sheria inawaruhusu, na mdogo wangu alibeba mukene kidogo, lakini chumba cha melini ni kidogo na jirani ana pua.

Assalaam aleikum Shangazi. Mimi ni mfanyabiashara hapa Bombo, na mke wangu ananisukuma twende safari za meli za huko Ugiriki na Uturuki badala ya Dubai tuliyoizoea. Swali langu ni chakula na sala. Meli inageuka geuka, kibla nitakijuaje? Na tukifika Istanbul, Ayasofya tunaingia kusali au ni ya watalii? – Hajji, Bombo

Waaleikum salaam, Hajji. Mke wako ana jicho zuri.

Chakula kiandikishe siku ya kulipa, kwa maandishi, usingoje kufika mezani. Meli ndogo ina jiko moja na hununua vitu bandarini, kwa hiyo mpishi akijua mapema ataweka nyama halali akiwa Uturuki. Siku za visiwani mtaegemea samaki na mboga. Uliza pia kuhusu mvinyo kwenye michuzi, wapishi wa huko huutia bila kufikiria. Sisi mezani tulikuwa na mama mmoja wa Kituruki, na mhudumu alikuwa anamletea karatasi ya chakula cha kesho yake kila jioni aweke alama. Omba hivyo hivyo.

Kibla: hapa kwetu unaelekea kaskazini, mashariki kidogo. Aegea unageuka kabisa, Makka iko kusini mashariki. Meli ikiwa gatini hakuna tabu. Ikiwa inatembea, simu yenye dira inatosha, na mabaharia wa zamu ukiwauliza meli inaelekea wapi hujibu kwa furaha, wamechoka kuulizwa chakula ni saa ngapi. Kupunguza na kuunganisha sala za msafiri zungumza na sheikh wako kabla hujaondoka.

Ayasofya ilimalizika kujengwa mwaka 537 ikiwa kanisa la mfalme Justiniani, ikawa msikiti mwaka 1453 Sultani Mehmed alipouteka mji, ikafanywa makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Ghorofa ya chini ni ya wanaosali, haina kiingilio. Tangu Januari 2024 watalii hupelekwa roshani ya juu kwa euro 25. Nenda chini usali, kisha mkeo akitaka kuona picha za vigae za Wabizanti mlipie juu. Msikiti wa Sultan Ahmed uko ng'ambo tu ya bustani, una minara 6, na hauna kiingilio.

Mkipita Rhodes tafuteni msikiti wa Suleiman ndani ya mji wa zamani. Wapiganaji wa Msalaba wa Mtakatifu Yohana walikitawala kisiwa hicho zaidi ya miaka 200, mpaka Suleiman alipowatoa mwaka 1522. Wageni wengi huishia kwenye ngome na mtaa wa wapiganaji hao, wakauacha ule msikiti wa rangi ya waridi juu kidogo. Na karibu na Efeso kuna nyumba mlimani inayoaminiwa kuwa ya Bibi Mariamu. Papa watatu wamefika pale, na Waislamu wa Uturuki huenda kwa wingi vile vile. Mkeo atapapenda.

Shangazi, mambo? Niko Busia, nimesomea hoteli. Kuna wakala ananiambia ana nafasi za kuhudumu kwenye hizo meli ndogo za Mediterania, mshahara wa dola, ila natakiwa nilipe shilingi milioni 3 za kuandikishwa, nusu sasa. Mama yuko tayari kuuza ng'ombe. Nilipe? – Kijana, Busia

Usilipe hata mia. Ng'ombe arudi malishoni leo hii.

Kuna Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kufanya kazi 2013, na unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa au kupewa kazi. Mhudumu wa meza melini naye anahesabiwa baharia. Unachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Anayekudai ada ya kuandikishwa ama hajui kazi yake, ama anaijua vizuri sana. Muulize jina la meli, jina la kampuni inayoiendesha, na nambari ya leseni yake ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, halafu nenda wizarani uthibitishe. Wengi hukata simu ukifika kwenye leseni.

Ukiitaka kazi hiyo kweli, unahitaji cheti cha mafunzo ya msingi ya usalama baharini: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Bandari Maritime Academy iko Mombasa, na Dar es Salaam kuna chuo cha ubaharia pia. Cheti hicho kikiwa mkononi unaandika barua kwa kampuni moja kwa moja. Meli ndogo zina wafanyakazi wachache, kwa hiyo hupenda mtu anayeweza kuhudumu meza asubuhi na kusaidia kwenye boti mchana. Kama unajua kuogelea, liandike juu kabisa.

Na nyumbani, mwambie mama habari ya wakala huyo iwafikie vijana wengine hapo Busia. Hataishia kwako.

Shangazi, naenda na kikundi cha kanisa, tutashuka Patmo na Efeso. Naweza kuvaa gomesi? – Mama, Masaka

Patmo, vaa. Monasteri inataka mabega na magoti yafunikwe, na wanawake waliovaa suruali fupi hupewa vitambaa vya kujifunga mlangoni; wewe utapita moja kwa moja, na watu wa pale watakuuliza umeshonewa wapi. Efeso usivae. Jua kali, mteremko, marumaru, na mshipi unashuka kila ukiinama kusoma maandishi. Siku ya boti ndiyo kabisa usijaribu, maana unatoka melini kwa ngazi nyembamba baharia amekushika mkono, na mkono wa pili unatakiwa uwe huru, usiwe umeshika pindo. Vaa gauni jepesi, gomesi ikae sandukuni mpaka chakula cha usiku wa mwisho, pamoja na nahodha.